Tofu ya Nyuklan binti Chong

Chungu kipo motoni?
Kipo!
Moto umekolea?
Umekolea!
Nani ataonja kabla hakijaiva?
Si mimi!
Haya. Mmesema wenyewe, nami nimesikia.

Walikuwepo hawa, na nitawataja mmoja mmoja, maana sipendi mtu ajifiche ndani ya neno “watu”. Alikuwepo Nguchiro wa Mto Mkavu, mjumbe wa mtaa. Alikuwepo Korongo wa Bwawani, aliyetaka kila mtu amwite Bi Mkubwa. Alikuwepo Nyegere wa Mizingani, mwenye tumbo na mwenye sauti. Alikuwepo Amoi, kakakuona kijana, ambaye ndiye aliyepika. Na alikuwepo mama yake, kakakuona mzee, mgonjwa wa kitandani. Jina lake lilikuwa Nyuklan binti Chong. Wale watatu wa kwanza walimwita Bi Mgeni. Walikosea.

Hapo zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kubisha hodi, wazee wa Nyuklan waliishi mbali, upande wa kaskazini. Walikuwa Wahakka, na maana ya jina hilo ni watu wageni. Huko kwao walikuwa wakifunga nyama ndani ya unga. Walipofukuzwa kwenda kusini hawakuupata unga ule. Wakachukua tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, wakaichimba katikati, wakaifunga nyama humo. Wakakiita chakula hicho nyong teufu. Kila walipohama walihama nacho, mpaka wakafika katika nchi hii.

Nyuklan alizaliwa katika nchi hii. Aliolewa hapa. Alimzika mume wake hapa. Na bado akaitwa Bi Mgeni.

Siku moja Nyuklan akaita kutoka kitandani.

“Amoi!”

“Labeka, mama.”

“Nipikie tofu ya kujaza. Kipande kimoja tu. Nataka niondoke na ladha ya mkono wa mama yangu mdomoni.”

“Huendi popote, mama.”

“Loweka soya, mwanangu. Acha kubishana na mgonjwa.”

Amoi akaloweka soya usiku kucha. Asubuhi akasaga, akakamua, akachemsha. Akatia maji machungu yanayodondoka kutoka kwenye gunia la chumvi, maziwa ya soya yakagandana. Akayafunga katika kitambaa, akayakandamiza kwa jiwe, akakata vipande. Kila kipande akakichimba kwa kijiko, taratibu, kisipasuke. Akajaza nyama iliyokatwakatwa, samaki mkavu aliyetwangwa, na majani ya kitunguu. Akavilaza kikaangoni, upande wa nyama chini, na hakuvigusa. Ukigeuza mapema, nyama hutoka, ukabaki na shimo. Vilipopata rangi akavihamishia chunguni, akatia supu kidogo, akafunika.

“Hodi!”

Alikuwa Nguchiro.

“Karibu, Bwana Mjumbe.”

“Nimekuja kumjulia hali Bi Mgeni.”

“Anaitwa Nyuklan.”

“Ee, huyo huyo. Na hicho kinachonukia ni nini?”

“Ni chakula cha mgonjwa.”

“Cha mgonjwa! Basi nionje tu, nijue kama chumvi imezidi. Chumvi huua wagonjwa, binti.”

Mnajua kakakuona akitishwa hufanyaje. Hujikunja, akabaki mpira wa magamba. Amoi alifundishwa kwamba mgeni hanyimwi. Akajikunja.

Nguchiro akaonja kimoja. Akasema hajaielewa chumvi, akaonja cha pili. Akaonja mpaka chungu kikaonyesha udongo wake. Akajipangusa masharubu.

“Chumvi iko sawa,” akasema. “Msalimie.” Akaenda zake. Chumba cha mgonjwa hakukitazama hata kwa jicho moja.

“Amoi, imeiva?” Nyuklan akaita.

“Bado, mama. Kesho.”

Akaloweka, akasaga, akakamua. Akachimba, akajaza, akakaanga. Sauti ya mama yake sasa ilikuwa imepungua, hata ilibidi usimame mlangoni ndipo uisikie.

“Hodi hapa!”

Alikuwa Korongo, ameshikilia kanga yake isiguse vumbi la watu.

“Karibu, Bi Mkubwa.”

“Nimekuja kumjulia hali Bi Mgeni.”

“Anaitwa Nyuklan.”

“Majina ya kwenu yananishinda, mwanangu. Umempikia nini? Nyama? Unataka kumuua mama yako? Nyama ni nzito kwa mgonjwa! Lete chungu hapa nimsaidie.”

Amoi akajikunja. Korongo akatia mdomo wake mrefu chunguni, akachomoa nyama ya kipande cha kwanza. Akachomoa ya kipande cha pili. Akachomoa zote, kwa unadhifu mkubwa, bila kuivunja tofu hata moja.

“Hiyo laini iliyobaki itamtosha,” akasema. “Usinishukuru, ni ujirani tu.”

Amoi akapeleka sahani ndani. Nyuklan akaitazama, akaingiza kidole katika shimo.

“Hii imeibiwa,” akasema. “Nani alikuja?”

“Bi Mkubwa, mama. Alikuja kukuona.”

“Mimi sikumwona.”

Akairudisha sahani. Hakulia, wala hakulalamika. Mimi hapo ndipo ninapokasirika, na hasira hiyo haijaniisha tangu niliposimuliwa ngano hii. Mtu anakuja na pole mdomoni, anaondoka na chakula cha mgonjwa tumboni, na bado anataka kushukuriwa!

Soya iliyobaki kibuyuni ilikuwa konzi moja. Amoi akailoweka. Akasaga, akakamua, akapata kipande kimoja tu. Akakichimba, akakijaza, akakilaza kikaangoni, upande wa nyama chini. Akachuchumaa mbele yake, mwiko mkononi, asikigeuze mapema. Kutoka chumbani alisikia pumzi ya mama yake ikija na kukatika, ikija na kukatika.

“Hodi! Hodi! Hodi!”

Alikuwa Nyegere, na nyuma yake Nguchiro, na nyuma yake Korongo.

“Tumekuja sote kumjulia hali Bi Mgeni!”

Amoi akajikunja, mwiko ukiwa bado mkononi.

“Binti, hodi haijibiwi siku hizi?”

“Kuna kipande kimoja,” Amoi akasema. “Ni cha mama.”

“Kimoja!” Nyegere akavuta kigoda akaketi. “Mimi Nyegere wa Mizingani nimetoka kwangu na jua hili, napigiwa hesabu ya vipande? Sikiliza nikufundishe desturi. Kwetu sisi mgeni hanyimwi. Mgeni akifika, hupewa maji. Akisha kunywa maji, hupewa kiti. Akisha kukaa, hupewa kile kilicho jikoni, tena kabla ya mwenye nyumba. Ninyi mmekuja katika nchi yetu, mmekula ardhi yetu, na hata hilo hamjalijua?”

“Mweleze, mzee,” akasema Korongo.

“Aelezwe vizuri,” akasema Nguchiro, jicho likiwa kikaangoni.

Nyegere akaendelea. Alieleza desturi ya baba yake, akaeleza ya babu yake, akaeleza ya wajomba zake wote wa Mizingani. Kisha akanyoosha mkono.

Amoi akakunjuka. Magamba yake yote yakasimama, na hapo walimwona kwa mara ya kwanza alivyo mrefu.

“Mama yangu mmemwita nani miaka yote hii?”

“Bi Mgeni,” akasema Nguchiro.

“Wewe, Bi Mkubwa, umemwita nani?”

“Bi Mgeni.”

“Na wewe?”

Nyegere akakitazama kikaango.

“Basi mgeni yumo humo ndani, amelala! Hajapewa maji nanyi, hajapewa kiti, hajapewa chochote kilicho jikoni. Mmoja amemlia chungu kizima. Mmoja amemchomolea nyama. Na wewe unamfundisha desturi kupitia ukutani. Anyimwe nani sasa? Semeni!”

Mkono wa Nyegere, kwa mazoea tu, ukaendelea kwenda kikaangoni. Amoi akaushukia kwa mwiko wa moto. Nyegere akalia kama ndama. Mwiko ukamtafuta Nguchiro masharubuni, ukamtafuta Korongo kwenye ile miguu mirefu, na wote watatu wakatoka kwa mlango mmoja, kanga ya Bi Mkubwa ikibaki kwenye msumari.

Amoi akakigeuza kipande. Kilikuwa kimepata rangi, nyama haikutoka. Akakitia supu, akakiacha kinywe kidogo, akakiweka katika sahani ya maua. Akaingia ndani.

Chungu nimekiepua. Fundisho langu ni fupi: ukienda kumwona mgonjwa, mwone mgonjwa. Na kama huwezi kulitaja jina lake, usiulize amepikiwa nini. Mimi nilipita pale nikanusa tu, na masharubu yangu ni mazima, mnayaona. Anayetaka kukwangua ukoko, akawashe moto kwake.

Mnauliza kama alikula.

Nyuklan binti Chong alikufa wakati Nyegere akieleza desturi.