Zimwi Lililowala Walioachwa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, wanangu, wakati nchi nzima haikuwa na nyumba hata moja, watu walikuwa wakitembea. Walitembea kufuata matunda, walitembea kufuata wanyama, walitembea kufuata mvua. Chakula walichopata walikila kikaisha siku hiyo hiyo, maana mzigo humchosha mtembeaji.

Nyuma yao lilitembea zimwi. Lilikuwa na mdomo mpana kama pango, wala halikuwa na haraka. Halikula mtu yeyote isipokuwa aliyeachwa. Na watu walikuwa na desturi yao: asiyeweza kutembea huwashiwa moto, huwekewa chakula kidogo, huachwa. Wenzake huondoka bila kugeuka.

Basi siku moja, bondeni kando ya mto, Nyevu alivimba mguu. Alikuwa binti mdogo wa mwanamke aitwaye Kadzo. Kadzo alimbeba mgongoni mpaka akaanguka naye. Mkubwa wa msafara, Mzee Ngoka, akamwambia kwa upole kwamba desturi anaijua. Mtoto abaki, yeye aje.

"Babu, mimi nabaki naye," Kadzo akasema.

Wenzake wakawasha moto, wakaondoka. Dada yake Kadzo tu, Dama, ndiye aliyerudi mbio. Akamwekea mapajani mtama wake wote wa siku ile, mtama wa mwituni, kisha akawakimbilia wenzake. Naye Dama alikuwa na njaa, tena ananyonyesha.

Sauti za watu zikapungua, zikapungua, zikapotea.

Kadzo akabaki na mwanawe. Wakati wa kula alijikuta akitenga sehemu za watu ambao hawapo, kisha akazirudisha. Mara nyingi alianza kumwambia Dama jambo, akakumbuka kuwa hayupo.

Mtama kidogo ulikuwa umemwagika kwenye matope. Mvua ikanyesha, ukaota. Kadzo akaushangaa. Hakuna mtu aliyewahi kuona jambo hilo, kwa sababu watu wote walikuwa wakiondoka mapema.

Basi zimwi likaja.

"Walioachwa wako wapi? Nimekuja kuwala."

"Tumekonda," Kadzo akasema. "Mifupa yetu itakukwama kooni. Ngoja mtama huu uive, tule tunenepe, ndipo utule."

Zimwi halikuwa limewahi kuambiwa lingoje. Wote liliowakuta walikuwa wakilia tu. Likacheka, likavuka mto, likakaa ng'ambo. Kadzo na mwanawe wakaishi kwa samaki na matunda ya kando ya mto.

Siku zikapita. Zimwi likaita, "Kadzo, mtama umeiva?"

"Bado. Ndiyo kwanza una majani."

Siku zikapita. Zimwi likaita, "Kadzo, mtama umeiva?"

"Bado. Ndiyo kwanza unatoa masuke."

Mtu mzima wa kuzungumza naye Kadzo hakuwa naye, ila zimwi hilo. Kuna siku lilichelewa kuita, naye akajikuta akilisikilizia.

Mguu wa Nyevu ulipona, lakini ulipinda. Njia ndefu hakuiweza tena. Mtama ukaiva, Kadzo akauvuna kimya kimya, akaupura, akajaza vibuyu.

Basi siku moja akasikia kikohozi anachokijua. Watu wake walikuwa wamerudi, njaa imewachakaza. Kadzo alifurahi, akawakimbilia. Akawafungulia vibuyu vyote. Nao wakafanya kama walivyozoea, wakala mpaka mtama ukaisha, wakakung'uta na vibuyu.

Ndipo akawaeleza habari ya zimwi. Watu wakasimama wote pamoja. Mzee Ngoka akasema waondoke sasa hivi, na mtoto asiyeweza kutembea abaki, kama ilivyo desturi.

Dama akakaa chini, mtoto wake kifuani.

"Inuka, Dama."

"Siinuki, Babu. Niliondoka hapa mara moja, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti kooni. Leo sitembei."

Mama mmoja akakaa karibu yake. Mwingine akakaa. Mwisho Mzee Ngoka alibaki amesimama peke yake na fimbo yake. Akawatazama, akakaa polepole.

"Magoti yangu yamekwisha zamani," akasema. "Niliogopa mkijua mtaniwashia moto."

Zimwi likavuka mto.

"Kadzo, mtama umeiva?"

"Umeiva, na umeliwa."

"Basi nipe aliyeachwa." Likamwendea Nyevu. Dama akamshika mkono, akasema, "Huyu yuko na mimi." Likamwendea Mzee Ngoka. Nyevu akamshika mkono, akasema, "Huyu yuko na mimi." Likamwendea Kadzo. Watu wote wakamshika, wakasema, "Huyu yuko na sisi."

Zimwi likanywea. Lilikuwa kubwa kama kilima, likawa kama nyumbu, likawa kama mbwa. Likatoka bondeni likiburuta mkia.

Watu wakakaa. Punje zilizodondoka wakati wa kupura ziliota, na safari hii waliweka mbegu. Wakajenga nyumba, wakajenga ghala, wakachimba mifereji. Maji yakahitaji mgawaji, ghala likahitaji mlinzi, ugomvi ukahitaji mwamuzi. Vijana wakaoa, vijiji vikagusana, kukawa na soko, kukawa na ukuta, kukawa na mfalme. Ndivyo mji wa kwanza ulivyozaliwa, na miji mingine ikaufuata kando ya mito.

Mji ukajaa watu hata wakawa hawajuani majina. Siku moja Kadzo, mzee sasa, alipita uchochoro wa nyuma ya soko. Akaona kitu kidogo kama mbwa kimelala mbele ya chumba cha mgonjwa ambaye hakuna amjuaye. Kilikuwa kimeanza kunenepa.

Kadzo hakupiga kelele. Alikiruka, akaingia, akaketi kando ya kitanda, akauliza, "Mwanangu, unaitwa nani?"

Hadithi yangu inatua mzigo wake hapo. Kumbukeni, wanangu: mtu anaweza kuachwa hata katikati ya watu wengi. Mkimwona, nendeni mkakae naye.