Mjusi Mmoja, Majina Mawili

Hapo zamani za kale, wanangu, Tembo na Nyati walipokuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, kiangazi kilikausha kila kitu. Mbu waliisha. Mjusi mdogo, Kidawa, alikuwa na watoto watatu kwenye ufa wa ukuta huo, wanalia njaa.

Asubuhi akaingia kwa Tembo. "Karibu, mjusi kafiri wangu!" Tembo akampa bakuli la kumbikumbi wakavu wa akiba.

Jioni akaingia kwa Nyati. "Lo, mlambaukuta huyu! Nitamfuga." Bakuli la pili!

Kidawa akaitika majina yote mawili, akabeba, akalisha wanawe.

Siku moja majirani wakabishana.

"Mjusi kafiri wangu ni mzuri kuliko mlambaukuta wako!"

"Thubutu! Twende kwa Mwalimu Korongo atuamulie."

Kila mmoja akachukua kikapu, akamwita mnyama wake. Kidawa akaingia kwenye cha Tembo. Njiani, tharr! akachomoka chini ya kifuniko, akarukia cha Nyati. Nyati akachungulia, akatabasamu. Tharr! akarudi.

Korongo akafunua cha Tembo, akafungua kitabu. "Vidole vipana, ngozi ya kijivu. Jina lake la kitaalamu, *Hemidactylus mabouia*."

Akafunika. Tharr! Akafunua cha Nyati. "*Hemidactylus mabouia*."

"Haiwezekani!" Nyati akafoka. "Wangu ni mlambaukuta!"

"Bwana Nyati, hilo ni jina la nyumbani kwako. La kitabuni ni moja, hapa na ng'ambo. Haya, funueni vyote kwa pamoja tuwalinganishe."

Kidawa akajibanza ndani ya kikapu cha Nyati; safari hii hakuwa na pa kurukia.

Vikapu vikafunuliwa. Cha Tembo kitupu!

"Nimeibiwa!" Tembo akalia. "Mjusi kafiri wangu, uko wapi?"

Kwa mazoea, Kidawa akageuza kichwa.

"Hee! Mlambaukuta," Nyati akaita polepole.

Akageuka tena.

Kidawa akasema, "Wazee wangu, sikudanganya jina. Mliniita, nikaitika. Nina watoto watatu na mbu hakuna."

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Tembo. Kisha, kwa! kwa! kwa! wakacheka mpaka vumbi likatimka.

"Walete na hao watatu," Tembo akasema. "Leo kwangu, kesho kwa Nyati. Bakuli moja tu kwa siku, lakini kubwa!"

Ndiyo hivyo, wanangu: majina mengi hayaongezi mijusi.