Fundi wa Viti Aliyekosa Pa Kukaa

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo, mawili mawili!

Basi moja nipeni mimi, la pili liacheni lisikilize chungu jikoni kisije kikaungua. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, unanizibia mwanga.

Hapo kale, kuku walipokuwa na meno na majogoo wakienda kwa kinyozi, palikuwa na fundi seremala katika mji wa Kigomeni, jina lake Chande. Huyu Chande kazi yake ilikuwa kutengeneza vya kukalia. Viti vya kuegemea, viti vya kunyolea, vigoda vya jikoni, mbuzi za kukunia nazi. Kila aliyekaa Kigomeni alikaa juu ya kazi ya Chande. Ila Chande mwenyewe hakukaa. Alikula wima. Alilala wima, ameegemea mlango. Misumari ilikuwa mdomoni kutwa nzima, mpaka watoto wa mtaani wakaamini ndiyo meno yake.

Msimcheke, kazi ilikuwa nyingi kweli. Huyu anataka kiti, yule anataka kiti, na yule mwingine anataka kiti cha kukalia akingoja kiti chake kiishe.

Chande alikuwa na mke, Zawena. Kila alasiri Zawena aliwasha jiko la mkaa uani, akachoma muhogo, akaupaka ndimu na pilipili, akamwita mumewe. Hakutaka dhahabu huyu mwanamke, wala kanga mpya. Alitaka mtu wa kukaa naye muhogo ukiwa bado wa moto.

Siku moja akamwita, "Chande, njoo tukae."

Chande akajibu kwa misumari mdomoni, "Sina nafasi."

Akapelekewa kipande chake karakanani. Akakimeza huku anapiga randa, na ungemuuliza alikula nini angekwambia mbao.

Siku ya pili mvua ya kwanza ilidondoka, udongo ukanukia mpaka majirani wakatoka nje kuuvuta puani. Zawena akamwita wakae barazani wanuse pamoja.

"Sina nafasi."

Siku ya tatu paka wao alikuwa amezaa ndani ya kapu la maranda, na watoto wa paka ndiyo kwanza wanafumbua macho. Zawena akasema aje atazame tu, hata kwa jicho moja, lile lingine liendelee na kazi.

"Sina nafasi."

Hapo sasa mnisikilize. Nafasi alikuwa nayo. Ilikuwa pale pale kwenye kona ya karakana tangu siku aliyozaliwa, imekunja mikono inamngoja. Aliposema mara ya kwanza, ikadhani amekosea. Aliposema mara ya pili, ikakohoa ili ajue ipo. Aliposema mara ya tatu, ikasema, "Kumbe mimi sipo." Ikajipangusa maranda, ikatoka zake kwa mlango wa uani. Chande hakuiona, alikuwa anapima mguu wa kiti.

Haukupita muda akakanyaga kibanzi. Kibanzi cha mninga, kirefu, kikamwingia unyayoni chote. Akaruka juu, akatua kwa mguu mmoja. Na kibanzi cha unyayoni, ndugu zangu, hakitolewi wima. Ni lazima mtu akae, apakate mguu wake, akitafute. Chande akaona leo hana ujanja, akavuta kigoda akakaa.

Akaanguka chini.

Akatazama kigoda, kizima. Akakaa tena, akateleza kama aliyesukumwa na mtu mnene. Akajaribu kiti cha kuegemea, kikamtema. Akajaribu sakafu, nayo sakafu ikambinua mpaka akajikuta amesimama. Akaenda kitandani, kitanda kitupu kabisa, kipana cha kulala familia, akaviringika akadondoka upande wa pili. Mguu mmoja ukarudi chini, mwingine juu.

Akatoka kuomba kwa watu. Akaruka kwa mguu mmoja mpaka kwa kinyozi, ambako kiti kilikuwa wazi. Kinyozi akamwambia, "Samahani fundi, hapo pana mtu." Chande akatazama, hapana mtu. Kinyozi naye akatazama, hapana mtu, akashangaa maneno yale yametoka wapi. Akaruka mpaka kwa muuza kahawa, benchi tupu, muuza kahawa akasema hapo pana mtu. Akaruka mpaka kwa mama mkwe wake, mwanamke mpole asiyekataza hata nzi. Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yakapenya kwenye vidole: hapo pana mtu, baba.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngelia. Chande hakulia. Alisema moyoni kwamba hili ni tatizo la mbao tu, viti ni vifupi. Akarudi karakanani, akaanza kutengeneza benchi.

Akalitengeneza kwa mguu mmoja. Benchi likafika mlangoni, akakaa mwishoni, akateleza. Akaongeza ubao. Likatoka mlangoni, likakata uani, likapita kwa kinyozi, akakaa mwishoni, akateleza. Akaongeza ubao. Likapita sokoni, likakunja kona ya kisima, likazunguka mji mzima likarudi nyumbani kwake kwa upande wa nyuma. Watu wa Kigomeni walifurahi sana. Wakakaa benchi zima, na mbuzi wao, na vikapu vyao, wakapiga soga mji mzima kama watu wa nyumba moja. Chande akakaa ukingoni kabisa. Akateleza.

Alitaka kuongeza ubao mwingine, lakini mbao zilikwisha. Na ule mguu aliosimamia sasa ukaanza kukosa ardhi. Akiuweka hapa, ardhi inauhamisha pale. Akaona wazi kwamba akisukumwa hivi mpaka magharibi atatoka nje ya Kigomeni, na huko nako hatakuwa na pa kukanyaga. Hofu ikamshika, hofu ya kweli. Misumari ikamdondoka mdomoni mmoja mmoja, na watoto wakapiga kelele kwamba fundi anang'oka meno.

Ardhi ikamsukuma, ikamsukuma, ikamleta mpaka uani kwake. Pale benchi lilipopita, Zawena alikuwa amekaa peke yake mbele ya jiko, anachoma muhogo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameutandaza juu ya ubao, pembeni yake.

Chande akasimama mbele yake anayumba. Akamweleza yote, kigoda na kitanda na mama mkwe. Akamwambia kwamba nafasi yake imepotea duniani.

"Haijapotea," Zawena akasema. "Ilipita hapa inalia. Nikaikamata pindo, nikaikalisha, nikakushikia."

"Umenishikia wapi?"

"Hapa, chini ya mkono wangu. Wamekuja watu kuiomba, nikawaambia hapa pana mtu. Mume wangu, mkono umekufa ganzi. Kaa sasa, maana sitaweza tena."

Chande akamtazama mkono. Vidole vilikuwa vimeshapauka. Akaona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko kibanzi.

Basi mnadhani alikaa? Subirini. Kabla hajapinda goti, mjumbe wa Sultani akaingia mbio. Akasema bintiye Sultani anaolewa, vinatakiwa viti vya wageni wote, vya wenyeji wote, na vya wageni wasioalikwa, na fundi aondoke sasa hivi akapime. Akasema mbao za Sultani ni nyingi kama mchanga. Mara ardhi ikatulia chini ya mguu wa Chande. Ikamfungulia njia nyoofu, laini, kutoka uani mpaka jumbani.

Chande akatazama njia ile. Mikono ikaanza kutafuta randa, yenyewe, bila kutumwa. Akatazama mkono wa Zawena juu ya ubao, kidole kimoja kimeshainuka.

Akageuka, akafumba macho, akakaa.

Ubao haukusogea. Zawena akauondoa mkono, akaukung'uta. Kisha akapakata mguu wa mumewe, akabinya, akachomoa kibanzi, akakitupa jikoni. Akamkatia muhogo. Mjumbe akauliza amwambie nini Sultani. Chande alikuwa anatafuna.

Mjumbe akanusa. Akauliza kama hapo pembeni pana mtu. Watu wa benchini wakajisogeza kidogo, akakaa. Sultani alipoona kimya akatuma mjumbe wa pili kumtafuta wa kwanza. Wa pili akanusa, watu wakajisogeza, akakaa. Akatumwa wa tatu, mtu mkali mwenye fimbo. Akanusa, watu wakajisogeza, fimbo ikatumika kugeuzia muhogo kwenye makaa. Mwishowe Sultani akaja mwenyewe na kilemba chake, amekasirika, akauliza wanafanya nini. Wakamjibu wamekaa. Akanusa. Benchi lilikuwa limejaa mji mzima, lakini watu wakabanana, wakabanana, Sultani akapata pa kukaa kati ya bibi kizee na mbuzi. Harusi ilifanyika pale pale siku hiyo, bwana na bibi harusi wamekaa, na hakuna kiti kilichotengenezwa.

Ndiyo maana hadi leo ukiwakuta watu wamekaa, hata kama benchi limejaa pomoni, watajisogeza wakuambie karibu, nafasi ipo.

Na Chande? Chande aliula ule muhogo polepole, kipande baada ya kipande, mpaka jasho likamtoka puani. Akamgeukia mkewe.

"Zawena, kumbe unatia pilipili."

"Tangu nilipoolewa," Zawena akasema, akamkatia kingine.

Hadithi yangu imefika, imekaa kitako, haisimami tena. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao. Asiyeipenda akae nayo hapa hapa mpaka waelewane. Mimi nimemaliza, pisheni nikale.