Fisi na Msaragambo wa Moto

Hapo zamani, wanangu, enzi ambazo wanyama walilima pamoja kwa msaragambo, aliyewaita wenzake kazini ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Jioni wote walikula chungu kimoja. Nikizikumbuka enzi hizo moyo unaniuma.

Pimbi na Ngiri walikulia kwenye mashamba hayo. Kisha mvua ikakatika kwa miaka mitatu. Ngiri, kijana mwenye nguvu za kung'oa visiki, akakosa hata kibarua. Akawa anamkwepa mama yake kwa aibu ya kurudi mikono mitupu.

Hapo ndipo Fisi alipotokea na kapu la viazi. Akawalisha vijana wenye njaa siku saba, akiwaita mashujaa. Siku ya nane akagawa mienge. Alisema Swala wa bondeni ndio waliofunga mvua, wachomwe humo humo vijumbani mwao, na kijana atakayefia motoni ataamkia nchi ya kijani isiyo na njaa. Ngiri akawahi mwenge wa kwanza.

Pimbi alimsihi arudi nyumbani. Ngiri akamuuliza nyumbani kuna nini. Swali hilo lilimchoma Pimbi.

Akatoka mbio, akajigaragaza kwenye majivu, akarudi anahema.

"Mzee Fisi, nimetoka huko nchi ya kijani. Bawabu anasema hapokei kijana yeyote mpaka aingie kwanza aliyeita msaragambo. Kiti chako kimeshatandikwa."

Vijana wakashangilia, wakampisha Fisi njia. Ngiri akamkabidhi mwenge wake. Fisi akaushika kama kashikishwa nyoka. Akasema goti linamsumbua, wakajitolea kumbeba. Akasema basi kesho; Pimbi akasema bawabu anasubiri leo.

"Jamani, mimi nina watoto," Fisi akalia.

Ngiri akamnyang'anya mwenge, akauzamisha mchangani, chwaa.

"Na mimi nina mama," akasema.

Fisi akatimua mbio, goti zima kabisa. Ngiri akaenda nyumbani na viazi vitatu vilivyobaki kapuni. Mama yake akavichemsha, wakala na Pimbi chungu kimoja kama zamani. Njaa haikuisha siku ile. Lakini kesho yake Pimbi aliita msaragambo wa kuchimba kisima, akawaalika hata Swala, na jembe la kwanza akalipiga yeye.

Basi, wanangu, anayekulisha ili ukafe kwa ajili yake, mwambie atangulie.