Kwa Nini Ukoo wa Heroni Huitwa kwa Jina la Korongo

Apeni kwanza. Semeni kwamba haya hayatatoka hapa. Mmeapa? Basi sogeeni. Bibi Heroni, yule mke wa daktari wa misheni, aliyasema jikoni mlango ukiwa umefungwa, akawaapisha wanawake watatu wasiyatoe. Wawili wamefariki na kiapo chao, Mungu awarehemu. Wa tatu ndiye huyu mnayemsikiliza, na mdomo unamwasha.

Hapo kale, kwao Uingereza watu hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa Tomasi tu, na akitokea Tomasi wa pili, mmoja akaitwa Tomasi mrefu. Na siku hizo mnyama akikosa alishtakiwa kama mtu, akahukumiwa, akanyongwa. Msicheke, ndivyo walivyokuwa.

Katika kijiji kimoja aliishi mjane Hawisa, mtia rangi nguo. Watoto wake walikuwa wameoa na kuhamia mbali. Mwenzake nyumbani alikuwa korongo aliyemwokota angali kinda, mguu umevunjika, akamfunga kijiti mpaka akapona. Ndege akawa anamfuata sokoni hadi kanisani, naye Hawisa akimwita "baba" na kumsimulia habari zote za majirani.

Ikawa samaki wa Bwana Godfri, mwenye kijiji, wanatoweka kizimbani mwao bwawani. Bwana akapiga kelele kuliko wote: "Nani mwingine kama si yule mdomo mkuki?" Korongo akakamatwa, akafungiwa, kesi ikawekwa Jumapili baada ya misa.

Hawisa alilia mpaka macho yakavimba, kisha akanyamaza akafikiri. Kizimba kile kilifungwa kwa kamba yenye fundo, na korongo ana mdomo, hana vidole. Tena mwizi mlafi hangojei Jumapili ipite, atarudi tu. Ijumaa akachemsha mizizi yake ya rangi nyekundu, akaichanganya na mafuta, akaipaka kamba yote. Rangi ile ikikushika, utasugua mpaka ngozi itoke, yenyewe ipo.

Jumapili kanisa lilifurika. Bwana Godfri alikuja na glovu, na jua lote lile. Ubavuni mwake alikaa mkewe, Bibi Isabela, aliyemkataza samaki kwa ajili ya mguu wake uliokuwa ukivimba, akawa anamlisha uji wa shayiri asubuhi na jioni.

"Mshtaki aape," akasema padri. "Mkono wa kulia juu, mtupu."

"Nasikia baridi, padri."

"Baridi gani, na jasho linakutiririka?" Hawisa akadakia. "Vua, bwana wangu. Mwanangu ananyongwa kwa neno lako."

Bibi Isabela akaivuta glovu mwenyewe. Mkono ukapanda mbele ya kijiji kizima, mwekundu kama pilipili iliyoiva.

"Godfri!"

"Uji, mke wangu," akasema bwana kwa sauti ndogo. "Uji miezi minane."

Kanisa zima likaangua kicheko, na Hawisa, huku machozi yanamtoka, akacheka kuliko wote.

Korongo akaachiliwa, na tangu siku hiyo kizazi cha Hawisa huitwa Heroni, ambalo kwa Kiingereza ndilo jina la korongo. Ngao ya ukoo, waliyopewa na bwana ili kuwaomba radhi, ina korongo amesimama, na juu yake mkono mwekundu umeinuliwa. Wageni wakiuliza ule mkono, wenyewe hukohoa kidogo, wakasema ni damu ya vitani.