Mjane Aliyeanza Kuchimba Mtaro Mtoni

Shemeji yangu alinitumia hii wiki iliyopita nikaipuuza. Leo asubuhi nimeisoma nikisubiri chai ichemke, na nimeona nisikae nayo peke yangu. Isome taratibu. Kama una jirani mnayenuniana, isome mara mbili.

Palikuwa na mtemi aliyeitwa Ilanga, na katika nchi yake palikuwa na mbuga iliyoitwa Isolwa, bapa kama sinia. Waliochimba visima huko walikuta magamba ya konokono wa majini kwenye kina cha kimo cha mtu. Wazee walisema zamani sana palikuwa ziwa, likakauka, likaacha tope lake jeusi. Udongo huo ulikuwa na rutuba ya ajabu, lakini ulikuwa mkaidi. Kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza mguu. Masika ulivimba na kuziba, maji yakasimama juu yake wiki nzima kwa sababu hayakuwa na pa kwenda.

Kaya tisa zilihamia mbugani kutoka mlimani, ambako ardhi ilikuwa imechoka. Mtemi alizigawia mashamba kwa mstari, moja baada ya jingine, kila moja urefu wake hatua mia mbili. La kwanza lilipakana na mto. La tisa lilikuwa juu kidogo na mbali na mto kuliko yote, na hilo alipewa Nkwimba, mjane mwenye watoto watatu ambaye kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu.

Sasa watu hawa walikuwa na mila moja waliyoishika kwelikweli. Jembe la mtu halikugusa udongo wa mwenzake. Ukipiga jembe lako kwenye shamba la mtu, hata mara moja tu, umedai ardhi yake, na kesi ya namna hiyo ilivunja undugu. Kwa hiyo kila mmoja alichimba mtaro ndani ya mpaka wake na kuishia hapo. Maji yalifika mpakani yakaanza kumwagikia jirani wa chini. Jirani naye akainua tuta kuyazuia. Mashamba tisa yakawa mabwawa tisa, na kila mwenye bwawa alimlaumu aliye juu yake.

Aliyelaumu kuliko wote alikuwa mzee Shigela, mwenye shamba la kwanza. Matuta yalipobomoka, na yalibomoka kila mwaka, maji yote yaliishia kwake. Alikuwa hasalimiani na Nkwimba mwaka wa pili sasa. Kila aliyemtembelea aliambiwa kwamba maji ya mwanamke yule wa huko juu yamemlia mahindi yake.

Miaka mitatu mahindi yaliota ya njano yakaoza mizizi. Mwishoni mwa masika ya tatu Mtemi alikuja, akatazama, uvumilivu ukamwishia. Aliwaambia kwamba msimu ujao, siku ya tano baada ya mvua kubwa ya kwanza, angerudi kukagua. Aliyekausha shamba angebaki. Asiyekausha angerudi mlimani, na sehemu yake wangepewa wachungaji. Wote walijua kwamba mlimani hapakuwa tena na ardhi ya kurudia. Kurudi kule kulikuwa kwenda kuomba chakula kwa ndugu hadi wakuchoke.

Wakakutana siku hiyohiyo. Nkwimba alisema wachimbe mtaro mmoja kwa mashamba yote, na waanzie mtoni kupanda juu. Alieleza kwamba yeye huchimba udongo wa vyungu kila mwaka. Shimo ukianzia upande wa juu linajaa maji nawe umo ndani, lakini ukifungua upande wa chini kwanza, unachimba ukiwa na miguu mikavu. Wakamcheka. Mmoja aliuliza shamba lake yeye linahusiana nini na la Shigela. Mwingine alimshauri arudi kwenye vyungu vyake, kisha kila mtu akaenda kuinua tuta lake liwe refu zaidi.

Kesho yake Nkwimba alishuka hadi kwa Shigela, akapiga hodi. Mzee alimkaribisha, ila nje, si ndani.

"Baba, naomba nichimbe mtaro shambani kwako, kuanzia mtoni," alisema Nkwimba.

"Ili kesho useme shamba ni lako?"

"Nipe jembe lako. Jembe lako likichimba udongo wako, mimi nitadai nini?"

Shigela alitafuta mtego katika maneno hayo, hakuuona. Na kusema kweli, nani anakataa kuchimbiwa mtaro bure? Akamtolea jembe moja kuukuu, mpini unacheza.

Nkwimba alichimba. Udongo ukiwa bado laini alimaliza hatua kumi na tano kwa siku. Siku ya kumi na nne alifika kwenye tuta la mpaka wa juu, na maji yaliyokuwa yamesimama kwa Shigela yakaondoka yote kwenda mtoni. Mzee alipanda dengu kwenye unyevu uliobaki, zikaota vizuri kuliko chochote kilichowahi kuota mbugani pale. Mwenye shamba la pili aliona dengu hizo, akamletea Nkwimba jembe lake mwenyewe bila kuombwa. Wa tatu naye alileta. Walileta majembe kweli, ila mikono hakuna aliyeileta. Kila mmoja, shamba lake likishakauka, alikuwa na shughuli nyingi sana za kupanda.

Usiwacheke haraka. Mimi nilipofika hapa nilijiuliza ningefanya nini, na jibu halikunifurahisha.

Kiangazi kilipokaza, udongo ukawa mgumu, jembe likaruka kama limegonga jiwe. Kazi ya Nkwimba ilishuka hadi hatua sita kwa siku. Watoto wake walimuuliza kwa nini anawachimbia watu wengine wakati shamba lao lina nyasi, naye akawajibu kwamba njia ya maji yao inapita kwa watu hao. Alipomaliza shamba la nane mawingu yalikuwa tayari yameshuka. Alibakiza la kwake tu.

Mvua ikanyesha kesho yake, na siku hiyohiyo homa ikamwangusha. Alilala kitandani siku tano, anatetemeka, anasikia maji yakipanda hadi kizingitini. Mashamba manane yalikuwa yamekauka. La tisa lilikuwa bwawa, limezuiwa na tuta la jirani wa nane, ambalo hakuna aliyekumbuka kulikata.

Siku ya tano Mtemi akaja. Alishangaa sana. Alisimama kwenye shamba la kwanza, akakanyaga udongo kwa kisigino, akauliza ni nani aliyelikausha.

Shigela alifungua mdomo kujibu kwa majivuno, kisha akanyamaza. Angeweza kusema uongo, na hakuna jirani ambaye angemsuta, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na uongo kama huo tayari mfukoni. Lakini mzee yule alikuwa mkorofi tu, mwongo hakuwa.

"Jembe ni langu, Mtemi," alisema. "Mikono ni ya Nkwimba."

Baada ya hapo wengine wasingeweza kusema tofauti. Shamba la pili, Nkwimba. La tatu, Nkwimba. Hadi la nane. Walipofika la tisa walikuta maji yamefika magotini, na mwenyewe akaja amejifunga blanketi, ameshikiliwa na binti yake.

Mtemi aliwageukia wale wanane.

"Nilisema aliyekausha shamba atabaki," alisema. "Hapa namwona mmoja tu, na amekausha manane. Mama, mbuga yote ni yako. Hawa wafungashe."

Mke wa mtu mmoja akaanza kulia. Nakiri kwamba mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, wamepata walichostahili. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Nkwimba aliomba akae chini kwanza, maana miguu haikuwa na nguvu.

"Ahsante, Mtemi," alisema. "Lakini udongo huu hautulii. Kila masika utaporomoka mtaroni, na mtaro ule una hatua elfu moja na mia sita. Nimeuchimba mara moja, unaona nilivyo. Ukiwaondoa hawa, mwakani utakuja kunitembelea kwa mtumbwi."

Mtemi alicheka, hakuweza kujizuia. "Basi unataka nikupe nini?"

"Niachie majirani."

Mtemi akatoa amri mpya mbele ya wote. Kuanzia siku ile mtaro haukuwa wa mtu yeyote, na jembe lolote lingeweza kuuingia, katika shamba lolote, bila kesi. Mbuga nzima ingehesabiwa kuwa shamba moja, ama wakae wote au waondoke wote. Kisha akawaambia wale wanane kwamba shamba la tisa bado lina maji.

Hawakusubiri kuambiwa mara ya pili. Jirani wa nane alikata tuta lake mwenyewe kwa aibu, bila kuinua uso. Wengine waliingia kwenye tope na majembe yao, wake zao wakafuata na makarai, na kabla jua halijazama mtaro ulikuwa umepita katikati ya shamba la Nkwimba hadi mwisho wake. Yeye alikuwa amekaa mlangoni na bakuli la uji alioletewa na mke wa Shigela.

Shigela mwenyewe hakuwa pale. Alikuwa amerudi mbio nyumbani kwake kuona kitakachotokea. Alisimama kando ya mtaro akiwa na wasiwasi, akayasikia kabla hajayaona. Maji ya Nkwimba, ambayo aliyalaani miaka mitatu, yalifika, yakampita, yakaingia mtoni. Hata mche mmoja hayakuugusa. Mzee akavua kofia, akalia machozi ya furaha peke yake, na mwaka ule mahindi ya Isolwa yaliota ya kijani kibichi kuanzia shamba la kwanza hadi la tisa.

Funzo: Shida inayokusumbua nyumbani kwako, mara nyingi njia yake ya kutokea inapita kwa jirani. Anza kumfungulia yeye, nawe utafunguliwa.