Neno Walilolimeza Ndugu Wawili

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo alikuwa na mabaka, meusi kwa meupe, na yule baba hakumwita kwa jina jingine ila Mabaka. Alipofariki aliwaachia wanawe wammiliki pamoja, ili mama yao asikose maziwa; maana mama alikuwa mzee, hana meno, na maziwa ndiyo chakula chake.

Shirika likawashinda. Chalula, mkubwa, akasema weusi ndio mwingi, na kilicho kingi ni fungu la mkubwa. Akaanza kumwita Mweusi. Ndahani, mdogo wake, akamwita Mweupe. Neno la baba likaachwa, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba atakayelitamka amemkubalia mwenzake nusu. Ulikuwa ukaidi mtupu, msiutafutie jina zuri.

Siku moja ng'ombe akapotea, kwa kuwa kila mmoja alimwachia mwenzake kufunga zizi. Katika nchi ile mnyama aliyepotea hupelekwa kwa mtunza zizi wa kijiji. Anayemdai huulizwa rangi yake kabla hajaonyeshwa, tena huulizwa peke yake, mara moja tu. Asipopata mwenyewe hadi siku ya tatu, huchinjwa. Ndugu hao walifika siku hiyo ya tatu, jua limekwisha kupinda. Mama alikuwa hajaonja kitu tangu juzi.

Chalula aliingia kwanza. Ng'ombe akaisikia sauti yake nyuma ya ua wa miiba, akalia. Neno la baba lilikuwa ulimini mwa Chalula, lakini akamwona Ndahani akichungulia langoni, akalimeza. Akasema mweusi. Ndahani naye akaingia, akasikia kilio kile kile, akasema mweupe.

Mtunza zizi aliwajua wote wawili, na ng'ombe wao pia. Moyo ulimuuma. Lakini desturi haina mjomba.

"Wanangu, ng'ombe mweusi sina, na mweupe sina. Nendeni."

Walirudi kwa njia moja. Mama alikuwa ameketi mlangoni, kibuyu mapajani, amekwisha kukisuuza.

Enyi mnaonisikia, ni nusu gani ya kweli mnayoimeza ili ndugu yenu asipate haki yake, na ni nani anayewangoja mlangoni na kibuyu kitupu?